Baiskeli ya kwenda kazini: Breki na magurudumu kwanza, gia baadaye

MKAZI wa Komarock anayeamua kwenda kazini kwa baiskeli hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: pesa kidogo alizo nazo azitumie kuboresha sehemu gani ya baiskeli hiyo?

Si swali dogo. Kutoka Komarock hadi katikati ya jiji la Nairobi ni mwendo wa kati ya kilomita 12 na 15, kutegemea sehemu ya mtaa anakotoka mtu na njia anayoifuata. Kwenda na kurudi siku tano kwa juma si chini ya kilomita 120, tena katika barabara za Kangundo, Outering na Jogoo ambako mwendesha baiskeli hugawana lami na mabasi, malori, matatu na pikipiki.

Wengi wakishapata baiskeli huanza kwa gia. Wengine hununua uma wenye springi, kiti cha kupendeza au rangi mpya. Wanaanzia mwisho. Kinachomfikisha mtu nyumbani salama ni uwezo wa baiskeli kusimama, hasa mvua inaponyesha, na baiskeli nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu huwa dhaifu hapo hapo.

Baiskeli zenyewe

Maarufu kuliko zote ni ile nyeusi ya chuma iitwayo Black Mamba. Asili yake ni baiskeli za Uingereza za mwanzoni mwa karne ya 20, kama zile za kampuni ya Raleigh iliyoanzishwa mjini Nottingham mnamo 1887. Baadaye viwanda vya India na China viliendelea kuiunda karibu bila mabadiliko yoyote. Ndiyo iliyovusha abiria mpakani Busia na kuzaa jina bodaboda, kabla ya pikipiki kulinyakua jina hilo. Mnamo 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sisi 250. Pikipiki zikafurika, na mafundi wengi wa baiskeli wakageukia kazi hiyo mpya.

Mamba ina uzani wa zaidi ya kilo 20 na magurudumu ya inchi 28. Mabomba yake yameinama kuelekea nyuma, hivyo basi mwendeshaji huketi wima na mashimo ya barabarani hayamtikisi sana. Haina gia. Yapo mambo matatu yanayoifanya iwafae wanaotaka kuibadilisha: ni ya chuma, kwa hivyo fremu yake yaweza kupanuliwa au kurekebishwa, ina nafasi pana kati ya tairi na madigadi, na vipuri vyake vya kawaida hujulikana na kila fundi wa kando ya barabara.

Ya pili ni baiskeli ya mlimani, yenye magurudumu ya inchi 26, gia nyingi na springi mbele, pengine hata nyuma. Katika zile za bei ya chini, springi hizo huongeza uzani na kumeza nguvu za miguu, kwa sababu kila unapokanyaga pedali baiskeli huinama na kuinuka badala ya kwenda mbele. Anayetaka kuitumia kwa safari za kila siku atafaidika zaidi akiondoa uma wenye springi na kutia ule wa kawaida wa chuma. Matairi yake yenye meno makubwa hufaa matopeni, lakini juu ya lami humchosha mtu bure.

Aina ya tatu ni mitumba kutoka Japani na Ulaya, inayopatikana Gikomba na kwingineko jijini. Hapo bahati huchangia. Mnunuzi makini aweza kupata baiskeli iliyo na rimu za alumini na gia zilizofichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, vitu ambavyo akivinunua kimoja kimoja atalipa zaidi ya bei ya baiskeli nzima.

Chuma, mvua na raba

Tuichukue Mamba, maana ndiyo yenye kazi kubwa. Breki zake huvutwa kwa fito za chuma badala ya waya. Ukibana mkono wa breki, fito hizo huinua raba mbili zikagusa rimu kutoka upande wa ndani, sio ubavuni. Mpango huo ni imara, na fundi yeyote aweza kuunyoosha kwa koleo. Lakini rimu ni ya chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa huteleza. Katika mvua, baiskeli yenye rimu za namna hii huhitaji umbali mara kadhaa zaidi ili isimame, ikilinganishwa na siku ya jua.

Hebu tupige hesabu. Mwendo wa kilomita 18 kwa saa, ambao ni wa kawaida kwenye tambarare, ni sawa na mita tano kwa sekunde. Matatu ikisimama ghafla mbele yako, sekunde moja ya kushtuka tu imekwisha kukugharimu mita tano, takriban urefu wa gari dogo, kabla raba haijagusa rimu. Msimu wa masika kati ya Machi na Mei, na ule wa vuli kati ya Oktoba na Desemba, mita zinazofuata ndizo zinazoamua kama mtu atafika kazini au hospitalini.

Njia rahisi kabisa ya kupunguza hatari hii ni kununua raba mpya zilizo laini, kusafisha rimu, na kubana breki kidogo kila baada ya muda unapoendesha kwenye mvua ili maji yapanguswe. Hiyo ni nafuu, lakini haitoshi kwa mtu anayepita Jogoo Road kila siku.

Suluhisho la kweli ni kubadilisha rimu za chuma na kutia za alumini. Alumini iliyolowa huishika raba vizuri zaidi, na huwa nyepesi pia. Kwa kuwa rimu hizi zimeundwa zibanwe ubavuni, fito za zamani huondolewa na mahali pake kutiwa breki za waya zenye mikono miwili inayobana kama koleo. Baadhi ya fremu za Mamba zina tundu juu ya uma ambalo hushikilia madigadi. Breki yenye mikono mirefu yaweza kufungwa hapo kwa bolti moja.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Zipo breki zenye nguvu zaidi zinazohitaji vishikizo viwili vilivyounganishwa kwenye uma, na wenye baiskeli hushawishika kumpelekea fundi wa juakali avichomelee. Katika Kariobangi Light Industries wako mafundi hodari wa kuunda mageti, jiko na mikokoteni. Hata hivyo, bomba la uma wa baiskeli ni jembamba, na moto mkali wa mashine ya umeme hulidhoofisha pembeni mwa kiungo. Uma hauvunjiki siku hiyo. Huvunjika miezi kadhaa baadaye, aghalabu unapobana breki kwa nguvu. Kama ni lazima kuunganisha, tafuta fundi anayetumia gesi na shaba, kwani ndivyo fremu hizi zilivyounganishwa kiwandani. La sivyo, nunua uma ambao tayari una vishikizo.

Kwa gurudumu la nyuma ipo njia nyingine ambayo mwandishi huyu anaiona kuwa bora kuliko zote kwa mtu wa Eastlands: habu yenye breki ndani yake, ile inayofanya kazi unapokanyaga pedali kinyumenyume. Teknolojia hiyo ni kongwe; kampuni ya Fichtel & Sachs ya Ujerumani ilianza kuuza habu yake iitwayo Torpedo mnamo 1903. Maji na matope hayaifikii, haina waya wa kukatika, na rimu ikipinda kidogo breki haiathiriki. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mnamo 2005, lilichagua breki ya aina hii kwa baiskeli yake ya Buffalo, yenye keria ya kubeba hadi kilo 100 na ambayo huunganishwa humu nchini mjini Kisumu. Waliobuni baiskeli ya vijijini Afrika waliweka breki hiyo mbele ya gia nyingi, nao walikuwa na sababu.

Breki ya nyuma pekee, hata hivyo, haitoshi. Unapopunguza mwendo uzani wote huegemea mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloweza kuisimamisha baiskeli kwa haraka. Kwa hivyo mwenye pesa za rimu moja tu ya alumini aanze na ya mbele.

Nambari zisizodanganya

Kabla ya kulipia rimu au tairi, geuza lile la zamani usome nambari ubavuni. Usitegemee inchi pekee, maana inchi hudanganya.

Tairi la Mamba huandikwa inchi 28, na mara nyingi karibu yake huwa na tarakimu kama 40-635. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Baiskeli nyingi za Ulaya pia huitwa za inchi 28, lakini rimu zake ni za milimita 622. Tairi la moja haliingii kwenye rimu ya nyingine. Mkanganyiko wa inchi 26 ni mbaya zaidi: baiskeli za mlimani hutumia 559, ilhali nyingi za mitumba kutoka Japani hutumia 590. Wauzaji wote watakuambia ni 26, na kila mmoja atakuwa anasema kweli.

Rimu za alumini za 635 ni adimu, ndiyo maana wengi hutia za 622 kwenye Mamba. Tofauti ya kipenyo ni milimita 13, kwa hivyo ukingo wa rimu mpya hushuka milimita sita na nusu kutoka pale ulipokuwa ule wa zamani. Breki itakayofungwa lazima iwe na mikono inayofika huko. Chukua kipimo kabla ya kununua.

Kuna jambo jingine ambalo huwashtua watu wakiwa wameshalipa. Mamba za mtindo wa Kiingereza huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, ilhali rimu nyingi za kisasa zina matundu 36 au 32. Maana yake, habu ya nyuma nayo itabadilishwa. Habu mpya kwa kawaida ni pana kuliko nafasi iliyoko kati ya miguu ya fremu. Kwa kuwa fremu ni ya chuma, fundi anaweza kuipanua polepole, kila upande kwa kiasi sawa, akiipima kwa uzi kutoka mbele hadi nyuma. Fremu ya alumini haipanuliwi kamwe, hupasuka.

Kusuka gurudumu ni ustadi wa pekee. Fundi anayeliweka gurudumu kwenye fremu, akalizungusha na kulisikiliza huku akigonga spoku moja moja kwa spana, huyo mwachie kazi. Anayekaza kwa kukisia tu, tafuta mwingine.

Gia: moja iliyo sahihi

Mashariki mwa Nairobi ni tambarare, nalo jiji huinuka taratibu kuelekea magharibi. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Ule wa Wilson uko takriban mita 1,690. Kwa anayetoka Komarock, safari ya asubuhi huwa na mpando mpole na ya jioni huwa na mteremko. Ni hali inayowapendelea watu waliochoka.

Katika nchi ya namna hiyo gia 21 hazihitajiki. Mamba nyingi zina meno 44 mbele na 18 nyuma. Gurudumu lake likizunguka mara moja husafiri karibu mita 2.2, kwa hivyo kila mzunguko wa pedali huisogeza baiskeli takriban mita tano na nusu. Huo ni mzigo mzito kwa aliyebeba mizigo au anayepambana na upepo. Ukiondoa friwili ya meno 18 na kutia ya meno 22, kila mzunguko utakuwa wa karibu mita nne na nusu. Kwa mizunguko 60 kwa dakika utakwenda kilomita 16 kwa saa, na magoti yako yatakushukuru. Ni mabadiliko ya kipuri kimoja chenye bei ndogo, pamoja na pingili chache za mnyororo.

Anayetaka zaidi atafute habu ya gia tatu. Ile ya kampuni ya Sturmey-Archer, ambayo ilianza biashara hiyo Uingereza mnamo 1902, ni mfano mzuri. Gia ya kati ni ya moja kwa moja. Ya chini hupunguza mwendo hadi asilimia 75, na ya juu huuongeza kwa theluthi moja. Mitambo yote imo ndani ya habu, mbali na vumbi la Kayole na Njiru. Gia za nje, zenye kijiti kinachoning'inia karibu na ardhi, huinama baiskeli inapoangushwa au inaporundikwa na nyingine, na huhitaji mnyororo safi kila wakati.

Kuhusu mnyororo, usipake oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari. Hunasa vumbi na kuligeuza kuwa msasa unaokula meno.

Matope meusi na giza la alfajiri

Udongo wa Embakasi, Kayole na Komarock ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hung'ang'ania gurudumu hadi linakataa kuzunguka. Madigadi yaliyofungwa karibu na tairi, kama yalivyo katika baiskeli nyingi za mjini Ulaya, hujaa matope haya katika mita chache. Acha nafasi ya angalau upana wa kidole kikubwa. Kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kikining'inizwa chini ya digadi la mbele hukinga viatu na mnyororo pia. Ni pambo la kale la Mamba ambalo halikuwa pambo.

Tyubu kuukuu ina kazi nyingine: ikipasuliwa kwa urefu na kutandazwa kati ya tairi na tyubu nzima, hupunguza pancha za miiba na vigae vya chupa. Huongeza uzani kidogo, lakini asubuhi ya Jumatatu hakuna atakayeulalamikia.

Taa si jambo la hiari. Nairobi jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hivyo anayetoka nyumbani saa kumi na moja na kurudi saa moja jioni husafiri gizani mara mbili. Dinamo ya zamani ya volti 6 na wati 3 huzimika unaposimama, yaani pale hasa gari linapokukaribia kutoka nyuma. Taa ndogo za LED za kuchajiwa zimelitatua tatizo hilo. Ya nyuma iwe nyekundu, na ifungwe kwenye fremu au keria mahali ambapo koti au mzigo hautaifunika. Ongeza utepe unaoakisi mwanga kwenye pedali na miguu ya uma: kitu kinachosogea huonekana mapema kuliko kilichotulia.

Jua lenyewe lina hila yake. Anayeelekea mjini asubuhi huwa na jua mgongoni, na jioni akirudi pia. Yeye huona vizuri. Dereva anayekuja kutoka upande wa pili ndiye anayepigwa na miale machoni, na huyo ndiye anayeweza kukata kona mbele yako bila kukuona. Taa ya mbele iwake hata kama kumekucha.

Yote haya yangekuwa mepesi kama njia za baiskeli zingekuwa kamili. Kaunti ya Nairobi ilizindua mnamo 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Thika Road ilipata njia zao ilipokamilika mnamo 2012, na Outering ikapata zake ilipopanuliwa miaka michache baadaye. Lakini anayezitumia anajua kwamba vibanda, wachuuzi na pikipiki huzikalia, naye hulazimika kurudi barabarani. Barabara ya Expressway iliyofunguliwa mnamo 2022 haimruhusu kabisa. Kwa hivyo baiskeli ya Komarock ni lazima itengenezwe kwa kuzingatia barabara ilivyo, sio ilivyochorwa.

Kiti, mota na kufuli

Urefu wa kiti hurekebishwa bila malipo, lakini wengi huketi chini mno. Ukiwa umeketi, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukianza kuendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kiasi kinachofaa. Mzigo ufungwe kwenye keria, usining'inizwe kwenye usukani.

Wapo siku hizi wanaotia mota ya umeme kwenye gurudumu. Mota ya wati 250 na betri ya volti 36 inatosha safari ya Komarock hadi mjini na kurudi, mradi mwendeshaji asaidie kwa pedali. Hata hivyo, kuitia mota hiyo baiskeli yenye rimu za chuma na breki za fito ni kuomba balaa. Breki kwanza, kisha mota.

Kufuli ipitishwe ndani ya fremu na gurudumu la nyuma, kisha ishike chuma kilichozikwa ardhini. Mnyororo mwembamba wenye ganda la plastiki hukatwa kwa koleo la kawaida. Taa za kuchajiwa ziingie mfukoni kila unapoegesha.

Baada ya majuma mawili ya kwanza, irudishe baiskeli kwa fundi aliyesuka magurudumu. Spoku mpya hulegea kidogo zinapozoea mzigo, na ikikatika moja, uzani huhamia kwa zile za jirani nazo hufuata. Kuzikaza upya ni kazi ya dakika chache. Mwombe aangalie pia nati za breki ya mbele kabla hujaondoka.